Lile doa jeupe kwenye kioo siyo uchafu, ni jiwe

Kuna usiku mmoja nlikuwa naendesha, barabara ya kupishana, taa za pembeni hakuna, gari ikaja mbele yangu imewasha taa za kawaida tu wala siyo fulu, na kioo changu chote cha mbele kikageuka nyota. Yaani kila kadoa ka maji kalikokuwa pale kioo kalidaka ule mwanga kakautawanya, na kwa sekunde kama tatu hivi barabara sikuiona kabisa. Nikarusha maji ya wipa, wipa zikapita mara nne mara tano, kioo kikalowa kikakauka, madoa yako palepale. Nikapunguza mwendo taratibu mpaka ile gari ikapita. Tangu siku ile siyahesabu tena madoa ya maji kama mambo ya urembo wa gari.

Na chanzo chake nlikuwa nakijua. Kwa miezi kadhaa nlipaki pembeni ya bustani inayomwagiliwa na kile kidude cha kuzunguka, kila alfajiri kinarusha maji ya kisima, upepo ukivuma kidogo tu ubavu mzima wa kushoto wa gari unalowa pamoja na boneti na kioo, jua linatoka linakausha, kesho yake tena, keshokutwa tena. Mi nikawa naona ni maji tu, maji yatadhuru nini.

Nikaanza kuyashughulikia. Sabuni ya gari, hakuna kitu. Sabuni tena na maji ya moto, hakuna kitu. Basi nikachukua sponji ya kuoshea vyombo, ule upande mgumu wa kukwangulia, nikapiga kwenye kioo nikaona kama kunaleta nafuu, nikahamia kwenye boneti. Hata dakika mbili hazikuisha. Nlipomwagia maji nikaona pale nlipokuwa nasugua pamefifia, kama mtu amepumulia, na ukimulika na tochi mikwaruzo inazunguka inazunguka kama utando wa buibui, na katikati ya mikwaruzo yenyewe doa limekaa vilevile. Iliniuma sana. Rangi ilikuwa ya kiwandani, haijawahi kuguswa na fundi yeyote.

Aliyenifungua macho ni mama, wala hajawahi kuosha gari maishani mwake. Alikuwa jikoni, akaniita, "Mwanangu, hebu njoo uone hii birika." Ndani ya birika chini kuna gamba jeupe, gumu, limeshika chuma utadhani limepigwa plasta. Akasema, "Hiki si ndo kitu chako kile kile cha kwenye gari?" Halafu akamimina siki, akaongeza maji kidogo, akaiacha. Hakusugua. Tukasikia sauti ndogo, kama soda iliyofunguliwa ikiwa mbali, vipovu vinapanda kutoka kwenye gamba, na baada ya muda akamwaga, akasuuza, chuma kinang'aa. Mi nimekaa wiki nzima nahangaika na jiwe kwa mkono, na jiwe dawa yake ni kuliyeyusha.

Sasa nieleze hilo jiwe linatoka wapi, maana ukilielewa mengine yote yanakaa sawa. Mvua ikishuka inabeba kaboni dayoksaidi ya hewani na udongoni, inakuwa na uasidi hafifu sana, ikipita kwenye miamba ya chokaa inaiyeyusha polepole na kuondoka na kalsiamu na magnesiamu. Hayo ndo maji magumu. Ukiyaangalia kwenye glasi ni safi kabisa, ukiyanywa hayana shida. Lakini yakikauka, maji yanapanda hewani, ile gesi nayo inaondoka, na chokaa haina pa kwenda, inarudi kuwa jiwe palepale tone lilipokaa. Wataalamu wa jiolojia wa Marekani, USGS, wanapima kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita: chini ya 60 ni maji laini, 61 hadi 120 ni magumu ya wastani, 121 hadi 180 magumu, ukipita 180 ni magumu sana. Chukua maji ya 200. Lita moja ina matone kama 20,000, kwa hiyo kila tone linaacha miligramu 0.01 tu ya chokaa. Ni kidogo mno, huwezi hata kuiona ikiwa peke yake. Lakini kidude cha bustani hakirushi tone moja, na hakirushi siku moja, na tone jipya linapenda sana kukaa pale pale la jana lilipoacha alama kwa sababu pale hapako laini tena, pana kitu cha kulishikilia. Ndo maana doa la wiki unalifuta na la miezi sita linakushinda.

Na umewahi kujiuliza kwa nini doa lina umbo la pete? Katikati kweupe kidogo au hakuna kitu, pembeni mstari mnene. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha kwenye jarida la Nature maelezo ya ile pete inayobaki kahawa ikimwagika mezani. Ukingo wa tone umeganda mahali pake, hausogei, na pale pembeni maji yanakauka haraka zaidi, kwa hiyo maji ya katikati yanavutwa kwenda ukingoni kujaza pengo na yanabeba kila kilichomo. Kwenye gari ni mchezo huohuo. Ile pete ndo sehemu yenye chokaa nyingi, na ndo sehemu itakayoanza kula rangi.

Hapa niseme kitu kimoja maana nakisikia kila mahali, kwamba tone la maji linafanya kazi ya lenzi, jua linapita linaunguza rangi. Tone lililolala juu ya boneti halifanyi hivyo. Umbo lake na namna maji yanavyopinda mwanga vinafanya miale ikutane chini zaidi ya pale tone lilipokaa, siyo juu ya rangi. Kosa la jua ni lingine. Linakausha haraka kabla hujafika na taulo, na linapasha bati moto, na ukishakuwa na chumvi zilizokolea juu ya rangi ya moto, kila kitu kinachotaka kutokea kinatokea haraka zaidi.

Basi kabla hujanunua chochote, kabla hujagusa chochote, jua kwanza doa lako limefika wapi. Hili ndo jambo lenyewe, mengine yote yanalifuata. Osha gari vizuri na sabuni ya gari, suuza, kausha, halafu chukua mfuko laini wa plastiki, ule mwembamba kabisa, vaa mkononi kama glavu na pitisha vidole juu ya doa polepole. Ule mfuko unaongeza hisia kwa namna ya ajabu, utasikia vitu ambavyo kidole kitupu hakikuambii. Ukisikia kitu kimenyanyuka, kama punje ya chumvi iliyogandia, basi chokaa iko juu, hiyo inayeyuka, una bahati. Ukiona doa kwa macho lakini kidole kinapita laini kabisa, au ukisikia kama kishimo, hapo hakuna tena kitu cha kuyeyusha, chokaa ilishafanya kazi yake ikaondoka, kilichobaki ni kovu. Mtu anaweza kumwagia siki kovu mwezi mzima na haliondoki, kwa sababu huwezi kuyeyusha shimo.

Kwenye kioo ndo nlianza tena, safari hii bila haraka. Gari kivulini, kioo kimepoa kabisa, jioni. Siki nyeupe ya kawaida, ile yenye asidi kama asilimia 5, nikachanganya nusu kwa nusu na maji ya betri. Nikisema maji ya betri namaanisha yale masafi yasiyo na kitu ndani, ya kuongezea, siyo asidi ya betri, na hapa soma chupa mara mbili maana kuna watu vyote viwili wanaviita jina moja na ukikosea umeharibu gari na umejiunguza. Kwa nini nisitumie maji ya bomba? Kwa sababu maji ya bomba yenyewe yana ile chokaa, utakuwa unaitumia siki kuyeyusha maji yako.

Siki ukiipuliza kwenye kioo cha mbele inateleza inakimbia chini kwenye wipa, haikai kufanya kazi. Nlichofanya ni kulowesha karatasi za kufutia za jikoni, nikazilaza juu ya kioo zikashika kama bandeji, nikawa nazipulizia zisikauke, dakika kumi. Ukiweka sikio karibu unasikia kitu, siyo kila doa, yale manene. Chokaa na asidi zikikutana zinatoa kaboni dayoksaidi, ndo vile vipovu vya birika ya mama. Nikatoa karatasi, nikafuta na taulo la maikrofaiba, nikasuuza kwa maji mengi. Kama nusu ya madoa yakaondoka. Nikarudia. Mara ya tatu yakabaki machache ya pembeni, kule wipa hazifiki, na hayo nliyatoa kwa wembe mpya, kioo kimelowa maji ya sabuni, wembe umelazwa karibu kabisa na kioo na unasukumwa upande mmoja tu, hauvutwi kurudi nyuma. Kioo ni kigumu kuliko chokaa kwa mbali, kwenye kipimo cha ugumu wa madini kinachoitwa Mohs chokaa iko 3 na kioo kama 5 na nusu, kwa hiyo kinachokwaruza kioo siyo chokaa bali punje za mchanga, mchanga ni 7. Ndo sababu nasema osha kwanza. Na wembe ni kwa upande wa nje wa kioo kitupu tu, usiuguse upande wenye tinti wala kile kioo cha nyuma chenye zile nyaya za kupashia joto kwa ndani.

Rangi ni hadithi tofauti na hapa naomba usiwe na pupa. Juu ya rangi ya gari kuna klia, lile tabaka angavu la mwisho linaloilinda, na hiyo klia kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko hiyo. Huo ndo ukuta mzima kati ya rangi yako na dunia. Siki ileile, mchanganyiko uleule, lakini dakika moja, mbili basi, sehemu ndogo kama upana wa taulo lililokunjwa, na usiache ikakauka hata kidogo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya mlango huko. Futa bila kukandamiza, suuza, kisha osha tena na sabuni ya gari ili uasidi wote uondoke kwenye mipira na kwenye maungio. Kama rangi ilikuwa na waksi, siki inaidhoofisha, kwa hiyo ujue utapaka upya. Kwenye vitu vya kromu na alumini tupu usiiache ikae, pitisha suuza. Na usithubutu kuchanganya siki na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, sijui kwa nini mtu ataviweka pamoja lakini ndoo moja inatumika kwa mambo mengi, hiyo inatoa gesi ya klorini na inaumiza mapafu.

Ndimu? Watu wengi wanaitumia na asidi yake inafanya kazi kweli, ila ina sukari na nyuzinyuzi, zinanata kwenye rangi. Ukitaka asidi hiyohiyo tumia unga wa sitriki, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji masafi kinatosha kuanzia. Zipo pia dawa za dukani za kutoa madoa ya maji na nyingi ni asidi za aina hii zilizotengenezwa vizuri, zina ute wa kuzifanya zikae mahali pake, hizo sina ugomvi nazo. Ninachogombana nacho ni zile za kiwandani zenye asidi ya haidrofloriki au amoniamu baifloridi. Zinatoa doa kwa kufuta mara moja, kweli kabisa, kwa sababu zinakula kioo chenyewe, na asidi hiyo inapenya ngozi bila kukuunguza papo hapo, maumivu yanakuja baadaye ikiwa imeshaingia ndani na kufunga kalsiamu ya mwili wako. Kuna sehemu nlipeleka gari wakataka kuipiga kitu cha namna hiyo, kijana hana hata glavu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu nionyeshe kwanza chupa." Tuliposoma pamoja yeye mwenyewe aliirudisha kabatini. Soma chupa.

Baada ya siki kufanya kazi yake kwenye boneti nikapitisha ule mfuko tena. Laini kote. Lakini ukisimama pembeni ukaliacha jua la jioni lilale juu ya rangi, pete ziko pale, kama kumi na tano hivi. Makovu. Hapo sasa ndo zamu ya kompaundi na polishi, zile dawa za kusugulia zenye chembe ndogo za kukwangua, na unachofanya siyo kujaza lile shimo, unashusha klia ya pembeni yake mpaka ikaribie kina cha shimo, ndo linapotea machoni. Yaani kila kovu unalotoa umelilipia kwa klia, na klia haioti tena. Nlianza na polishi nyepesi kabisa, kwa mkono, kwenye pete moja. Kidogo tu ikabadilika. Nikaazima mashine ya kupolishi, ile inayozunguka huku inayumba, ni salama zaidi kwa mtu asiye fundi kuliko ile ya kuzunguka tu, pedi laini, mwendo mdogo, nagusa bati kwa mkono kila baada ya muda kusikia kama linapata moto. Pete kumi na mbili zikaondoka, na mikwaruzo yangu ya sponji karibu yote. Tatu zikabaki. Ningeweza kuendelea. Niliziacha. Nimeona magari ambayo mtu alifukuza doa la mwisho mpaka klia ikaisha, pale panakuwa na kiraka kisichong'aa, na dawa yake ni kupiga rangi upya.

Kioo nacho kina makovu yake, na hapa watu wengi wanakata tamaa kwa sababu siki imegoma na hawajui kwa nini. Maji ya visima vingi hayana chokaa peke yake, yana silika pia, madini yaleyale ya mchanga, na silika ndo ukoo wa kioo chenyewe, ikishika kioo zinakuwa kama ndugu. Asidi ya siki haiigusi silika. Halafu maji yakikaa muda mrefu juu ya kioo yanavuta sodiamu kutoka ndani yake, lile tone linakuwa kali upande wa pili, upande wa magadi, na ukali huo ndo unaokula kioo. Kwa doa hilo kuna unga wa siriamu oksaidi, mafundi wa vioo wamekuwa waking'arishia nao lenzi miaka mingi. Unakoroga na maji uwe kama uji mwepesi, unasugua na pedi ya felti, unaulowesha muda wote. Kioo kisipate moto, na usikomae sehemu moja mbele ya macho ya dereva, ukichimba bonde pale dunia itaonekana imepinda na hilo ni baya kuliko doa. Kama doa ni zito sana mbele ya dereva, mi naona kubadilisha kioo ni sawa kabisa, siyo kushindwa. Taa za mbele ziache mbali na wembe na mambo haya yote, zile ni plastiki ya polikaboneti, siyo kioo.

Nikija kwenye kuzuia, nina msimamo na nausema wazi. Kuosha siyo tatizo. Gari haipati doa ikiwa imelowa, inalipata ikikauka yenyewe. Kwa hiyo kazi kubwa ni taulo. Mi sasa naosha kivulini, kuanzia paa, sehemu kwa sehemu, na sehemu ikikaribia kukauka kabla sijafika nailowesha tena. Mwisho natoa ile pua ya mpira wa maji, naacha maji yatoke taratibu bila presha juu ya paa, yanashuka kwa pamoja kama shuka linalovutwa na yanabeba matone mengi nayo, kinachobaki ni kidogo. Halafu taulo kubwa la maikrofaiba, unalilaza na kulivuta, husugui. Ukiwa na lita mbili tatu za maji ya betri kwenye chupa ya kupuliza, pitia nazo vioo na boneti baada ya suuza ya mwisho, hata tone likisahaulika linakauka bila kuacha kitu.

Waksi ni nzuri, napaka, lakini isikudanganye. Yale matone ya duara yanayopendeza kwenye picha yanasimama marefu, na tone refu lina maji mengi kwenye eneo dogo, likikauka linaacha doa nene kuliko maji yaliyosambaa. Waksi inakupa muda, doa linakaa juu yake kabla halijafika kwenye klia, siyo ruhusa ya kuondoka bila kukausha. Na wale wenye mashine ya kulainisha maji nyumbani wajue nayo inabadilisha kalsiamu kwa sodiamu tu, doa bado litakuwepo, ila hilo linafutika kwa kitambaa kilicholowa. Ya kutoa kila kitu ni zile chujio za kuondoa madini yote, kipimo cha TDS, kile kinachoonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, kikisoma sifuri au karibu na hapo unaweza kuacha gari ikauke yenyewe.

Gari sipaki tena pale bustanini. Siku nikikuta imerushiwa maji sisubiri Jumamosi, nafuta asubuhi hiyohiyo, maana doa la masaa matatu ni kazi ya kitambaa kilicholowa na la wiki mbili linataka siki. Na kuna sehemu moja ambayo kila mtu anaisahau na mi nliisahau sana: maji yanajificha nyuma ya vioo vya pembeni, kwenye vitasa, kwenye mpira wa chini ya madirisha. Umemaliza, umefurahi, umeondoka, ukifika kona ya kwanza yanamwagika na kuchora mistari mlango mzima. Siku hizi nikimaliza kukausha nafungua na kufunga milango yote minne, nashusha vioo nusu napandisha, nasubiri kidogo, halafu nazunguka gari mara ya pili na taulo dogo.